Chombo cha Kusomea: Kikundi Kinunue Kipi?



Zamani mtu akimaliza kisomo alipewa vitabu vya kujiendeleza. Alipata kitabu cha ufugaji wa kuku, cha maji safi, cha kilimo cha pamba. Siku hizi maandishi mengi ya namna hiyo hayafiki kijijini katika karatasi. Yanakuja kwa simu. Bwana shamba anatuma kijitabu cha mbolea kwa WhatsApp. Ofisi ya kijiji inapokea waraka kutoka wilayani kwa njia hiyo hiyo. Taasisi ya Elimu Tanzania nayo imeweka vitabu vya shule katika maktaba yake ya mtandao.

Kwa hiyo vikundi vingi vya kisomo vinatuuliza swali moja: Tumechanga fedha, tununue simu kubwa, au kishikwambi, au kile chombo cha vitabu tu? Somo letu la leo ni hilo.

Wazee wanasema mchagua jembe si mkulima. Lakini chombo hiki si jembe. Jembe baya utalichongea mpini mwingine. Chombo kibaya cha kusomea hakina mpini wa kubadilisha, na fedha yenu imekwenda.

TUNASOMA NINI?

Hebu tuanze na jambo lenyewe. Tuseme kijiji kimeletewa mpango wa matumizi ya ardhi. Una kurasa 40, nao umekuja katika faili. Simu inayoweza kulifungua vizuri ni moja tu, ya kijana mmoja. Watu wote wanamtegemea yeye awaambie kumeandikwa nini.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, inasema kwamba halmashauri ya kijiji haitagawa ardhi bila kibali cha mkutano mkuu wa kijiji. Vizuri. Lakini mkutano utatoa kibali cha kitu gani, kama watu hawakusoma? Mama aliyejifunza kusoma kwa shida, jioni, na mtoto mgongoni, amerudi pale pale pa kusomewa. Siyo kwamba hajui kusoma. Anajua sana. Ila herufi katika kile kioo zimekuwa ndogo kama mbegu za mchicha.

Basi kabla ya kwenda dukani kikundi kikae chini ya mti kiandike: tunataka kusoma nini? Nyaraka za kijiji na sheria? Vijitabu vya kilimo vyenye picha? Hadithi na vitabu vya watoto? Majibu ya swali hili ndiyo yatakayochagua chombo, siyo rangi yake, wala maneno ya muuzaji.

VYOMBO VITATU

Simu janja tunaijua wote. Ile ya kitochi tuiache leo, maana haifungui faili kubwa.

Kishikwambi ni kama simu janja iliyopanuliwa. Wengi wetu tulikiona mara ya kwanza mwaka 2022, makarani wa Sensa ya Watu na Makazi walipopita nyumba kwa nyumba. Baada ya sensa vishikwambi hivyo vikagawiwa kwa walimu. Kwa hiyo kama hujapata kukishika, mwombe mwalimu wa shule ya jirani akuonyeshe.

Chombo cha tatu hakionekani sana katika maduka yetu. Ni kisoma vitabu. Kinachojulikana zaidi ni Kindle, kilichotolewa na kampuni ya Amazon ya Marekani mwaka 2007. Kioo chake ni tofauti kabisa na cha simu. Ndani yake mna vijifuko vidogo mno visivyoonekana kwa macho, na kila kijifuko kina chembe nyeusi na chembe nyeupe. Umeme ukipita, nyeusi zinapanda juu mahali fulani, nyeupe mahali pengine, na herufi zinaonekana. Zikishakaa hapo zinabaki, hazitaki umeme tena mpaka ufunue ukurasa mwingine. Ndiyo maana betri yake inakaa wiki nyingi. Tena kinasomeka juani kama karatasi, wakati simu ukiitoa juani unajiona sura yako mwenyewe.

Kumbe ndicho cha kununua? Ngoja kwanza.

Mwaka 2010 shirika moja linaloitwa Worldreader lilianza kugawa Kindle kwa wanafunzi huko Ghana. Watoto walisoma, hilo ni kweli. Lakini vioo vingi vilivunjika, kuliko walivyotazamia, na kioo cha namna ile si kitu cha kutengenezwa na fundi wa sokoni. Baadaye shirika hilo hilo likaanza kupeleka vitabu katika simu ambazo watu walikuwa nazo tayari. Mwaka 2014 UNESCO ilitoa taarifa juu ya watu wanaosoma kwa simu katika nchi saba, Kenya na Ethiopia zikiwamo. Ilionekana kwamba wengi wao wanasoma zaidi tangu waanze kusomea katika simu, na wengine wanawasomea watoto wao humo humo.

HESABU YA UPANA

Hapa ndipo penye jambo kubwa, na wauzaji hawalisemi. Chukua rula.

Karatasi ya kawaida ya ofisini, ile inayoitwa A4, ina upana wa sentimeta 21. Nyaraka nyingi za serikali zimepangwa kwa karatasi hiyo. Sasa pima upana wa simu yako. Simu ya inchi 6 na nusu ina kioo chenye upana wa karibu sentimeta 7. (Hizo inchi wanazoandika kwenye boksi hupimwa mshazari, kona kwa kona, siyo upana. Wengi wanadanganyika hapo.)

21 gawanya kwa 7 ni 3. Maana yake ukurasa mzima ukiingia katika simu hiyo, kila herufi imekuwa theluthi moja ya ukubwa wake. Nani atasoma?

Kishikwambi cha inchi 8 kina upana wa karibu sentimeta 11. Herufi inabaki kama nusu. Kishikwambi cha inchi 10 kina upana wa sentimeta 13 na nusu hivi, na herufi inabaki karibu theluthi mbili. Na kisoma vitabu cha inchi 6? Upana wake ni kama sentimeta 9. Herufi haifiki nusu. Kwa hiyo chombo kile kizuri cha juani, ukikipa waraka wa wilaya, kinashindwa na kishikwambi cha kawaida.

Sasa kuna ujanja mmoja ambao ni bure. Laza chombo, yaani kigeuze kikae kwa ubavu. Simu ya inchi 6 na nusu ikilala ina upana wa sentimeta 15. Herufi zinakua mara mbili papo hapo. Kasoro yake ni kwamba unaona kama theluthi moja tu ya ukurasa, na inabidi uusogeze mara tatu mpaka uumalize. Si neno. Kishikwambi cha inchi 10 kikilala kina upana unaopita kidogo sentimeta 21. Herufi zinatoka ukubwa ule ule wa karatasi! Unasoma karibu nusu ya ukurasa, unashusha, unasoma nusu iliyobaki.

Kwa sababu hii sisi tunapendelea kishikwambi cha inchi 10 kwa kikundi kinachotaka kusoma nyaraka. Watu wawili au watatu wanaweza kukitazama pamoja bila kugongana vichwa. Cha inchi 8 kinabebeka vizuri zaidi, lakini kwa waraka tunaona kimekaa katikati: si simu, si karatasi.

Na kuna jambo la macho. Mtu akishapita miaka 40 lenzi ya jicho huanza kukakamaa, na maandishi ya karibu yanafifia. Huo si ugonjwa wa kuona haya. Pengine mwanakikundi anadai kioo kikubwa kumbe anahitaji miwani ya kusomea, ambayo bei yake ni ndogo sana kuliko kishikwambi. Apimwe macho kwanza.

PDF NA EPUB

Maneno haya mawili mtayakuta mwisho wa majina ya mafaili.

PDF ilianzishwa na kampuni ya Adobe mwaka 1993. Faili la PDF ni kama picha ya ukurasa. Mstari ulipokatikia katika karatasi ndipo utakapokatikia katika kioo. Ukivuta herufi zikue, mstari unatoka nje ya kioo, na inabidi usogeze kushoto na kulia kama mtu anayepepeta. Unachoka, unapoteza mstari, unaacha.

EPUB ni kama maji. Ukiyatia katika mtungi yanashika umbo la mtungi, ukiyatia katika kikombe yanashika umbo la kikombe. Ukikuza herufi, maneno yanajipanga upya na mstari unabaki ndani ya kioo. Vitabu vya hadithi hupatikana sana kwa namna hii.

Kwa hiyo mtu anayependa hadithi, simu yake yamtosha. Akiweka herufi kubwa atasoma vizuri tu. Anayesoma nyaraka za kijiji atakutana na PDF kila siku, na huyo ndiye anayehitaji kioo kipana.

GHALA NA MEZA

Kwenye boksi kuna tarakimu mbili zinazochanganya watu, kwa mfano GB 4 na GB 64. Tarakimu kubwa ni ghala. Humo ndimo vitabu vinamokaa. Tarakimu ndogo ni meza ya kufanyia kazi. Ukifungua kitabu, kinatolewa ghalani kinawekwa mezani. Meza ikiwa finyu, kazi inakwenda polepole hata kama ghala ni kubwa kama la ushirika.

Ghala lisiwasumbue. GB 1 ni kama MB 1,000. Kijitabu chenye MB 5 kitaingia humo mara 200. Ukiwa na GB 32 tu, hata sehemu yake ikiliwa na programu za chombo chenyewe, bado una nafasi ya maelfu ya vijitabu. Kisha unaweza kuongeza memori kadi. Meza ndiyo ya kuangalia. Chini ya GB 3 msinunue kama mtasoma kurasa zilizopigwa picha, maana faili lake ni zito, na chombo kitaganda.

UMEME NA BANDO

Tuseme kijiji hakina umeme na kuchaji kibandani ni shilingi 500. Kishikwambi kikichajiwa mara tatu kwa wiki ni shilingi 1,500. Mwaka una wiki 52, basi ni shilingi 78,000. Fedha hiyo lazima ihesabiwe siku ya kununua, siyo baadaye. Mwenye paneli ya jua nyumbani aulizwe kama atakubali kuchaji kwa ajili ya kikundi, na aseme mbele ya watu. Ukipunguza mwanga wa kioo betri inakaa zaidi. Ukizima data vile vile.

Bando si lazima kila siku. Pakueni mafaili siku moja mkiwa mahali penye mtandao mzuri, myahifadhi, msome mwezi mzima bila senti. Hata Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, inaweza kuwekwa yote ndani ya chombo kwa programu inayoitwa Kiwix. Kwa watoto kuna hadithi za bure za African Storybook, na nyingi zimeandikwa kwa Kiswahili.

SIKU YA DUKANI

Msiende mtu mmoja. Nendeni watatu, na mmoja wao awe mama, na mmoja awe mwenye macho mabaya kuliko wote. Ndiyo, tunasema kweli. Yeye ndiye mizani yenu.

Chukueni memori kadi yenye waraka mnaoujua, wa A4, kurasa nyingi. Mwambieni muuzaji aifungue mbele yenu. Someni ukurasa wa kwanza, kisha rukeni ukurasa wa 30. Je, unafunguka upesi au kinafikiri kwanza? Tokeni nacho mlangoni, msome juani. Muuzaji akikataa, tafuteni duka jingine. Mkulima hanunui ng'ombe aliyefungwa gizani.

Kwa chombo chenye laini, bonyezeni *#06#. Itatokea namba yenye tarakimu 15. Ilinganisheni na namba ya kwenye boksi. Zisipofanana, ondokeni. Mnakumbuka mwezi Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilizima simu bandia, na wengi wakabaki na vibao mkononi. Daini risiti yenye namba hiyo. Mtumba si mbaya, ila tazameni mgongo wake. Ukiwa umevimba, betri imekufa, tena ni hatari ya moto. Ulizeni pia kama mafundi wa mjini kwenu wanacho kioo cha aina hiyo. Chombo kisicho na vipuri ni cha safari moja.

Kuna kununua kwa mkopo. Tuseme kianzio ni shilingi 60,000, kisha shilingi 1,000 kila siku kwa siku 365. Jumla ni shilingi 425,000. Dukani pengine kinauzwa 250,000 taslimu. Hizi ni tarakimu za mfano, lakini fanyeni hesabu hiyo kwa bei mtakayoikuta. Tena vyombo vya mkopo hujifunga msipolipa. Mvua ikichelewa na mahindi yasipouzwa, maktaba yenu imefungwa kufuli na mtu aliye mbali.

HUENDA MSINUNUE

Maofisa wenzetu wengine hawapendi tukisema hivi, lakini tutasema. Kama haja yenu ni waraka mmoja tu, ule wa ardhi, nendeni mkauchapishe. Kurasa 40 kwa shilingi 200 kila moja ni shilingi 8,000. Mkitoa nakala tatu ni shilingi 24,000. Karatasi haiombi chaji, na mama anaweza kuikunja akasome jikoni. Chombo kinafaa pale mnapotaka kusoma vingi, mwezi baada ya mwezi.

NANI ATAKISHIKA?

Tumeona mahali pengi chombo cha kikundi kinalala kwa mwenyekiti. Mwezi wa kwanza kinasomewa. Mwezi wa pili kina mpira. Mwezi wa tatu ukikiuliza unaambiwa kimekwenda mjini na kijana. Wanaosomea wenzao si lazima wawe waweka mali.

Andikeni daftari: jina, siku ya kuchukua, siku ya kurudisha, sahihi. Kila mtu atie sahihi yake kwa mkono, maana wote mnajua kuandika. Wanawake wapewe zamu zinazolingana na kazi zao. Zamu ya saa kumi jioni, wakati wa kuchota maji, si zamu. Nunueni kava gumu siku ile ile.

Na msiweke programu za mikopo katika chombo cha watu wote, hata ziseme fedha ni ya dakika tano. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 za mikopo kuwa hazina leseni. Programu za namna hiyo huomba kuingia katika majina yote ya simu, na mmoja akishindwa kulipa, watu wote waliomo wanapigiwa kuaibishwa.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Andikeni maandishi matano ambayo kikundi chenu kinataka kuyasoma mwaka huu. Mangapi ni PDF?

2. Pimeni kwa rula upana wa simu tatu za wanakikundi, zikiwa zimesimama na zikiwa zimelala. Ukurasa wa sentimeta 21 utapungua kiasi gani katika kila moja?

3. Katika kijiji chenu kuchaji ni shilingi ngapi? Fanyeni hesabu ya mwaka mzima.

4. Kikundi kina watu 20. Kila mmoja anachanga shilingi 1,000 kwa wiki. Kishikwambi ni shilingi 300,000, kava ni 20,000, miwani miwili ni 20,000. Mtachanga wiki ngapi?